Korija na Kibali: Serikali, Wafanyabiashara na Mikoko ya Rufiji na Lamu tangu 1890

Kusudi la makala haya ni kufuatilia historia ya ugomvi mmoja wa siku nyingi, ugomvi kati ya Serikali inayotaka msitu udumu na mfanyabiashara anayeutaka mti leo. Msitu wenyewe ni mikoko ya pwani yetu, hasa ile ya delta ya mto Rufiji na ile ya visiwa vya Lamu. Mali inayogombewa ni boriti. Nimeichagua habari hii kwa sababu ya urefu wake, maana twaweza kuifuata kwa zaidi ya miaka mia moja bila kukatika, na kwa sababu ya lugha yake. Biashara ya boriti ilikuwa na msamiati wake kamili kabla ya kuwapo ofisi yoyote ya misitu, na sheria zilizokuja baadaye, za Wajerumani na za Waingereza na zetu wenyewe, zililazimika kuuazima msamiati huo.

Desturi ya waandishi wengi ni kuiweka Serikali upande huu na biashara upande ule, kisha kuuliza jinsi ya kuzipatanisha. Picha hiyo, kwa maoni yangu, haipatani na habari zenyewe. Kwa muda mrefu Serikali ilikuwa mshirika katika biashara ya mikoko, ikila katika korija ile ile aliyokula tajiri. Na kila ilipojitoa katika ushirika huo na kupiga marufuku, mzigo haukumwangukia mwenye mtaji. Ulimwangukia mkataji, ambaye jina lake halikupata kuandikwa katika kibali chochote.

Tuanze na maneno. Mtu wa bara husema "mikoko" akimaanisha miti yote imeayo katika matope ya bahari, lakini wenyeji wa pwani huitenga miti hiyo mmoja mmoja. Mkoko hasa ni ule wenye mizizi iliyotanda juu ya matope kama miguu ya kaa. Msindi, au muia kama wasemavyo wengine, hutoa mti ulionyooka. Mkandaa ni mwembamba na mgumu, na gome lake hutoa rangi nyekundu ya kutilia ngozi na nyavu. Mchu hukua hata penye chumvi nyingi. Mlilana husimama mbele kabisa, ukikabili maji. Mkomafi na msikundazi hukaa nyuma, karibu na nchi kavu. Hesabu hii si pambo la mwenye kupenda majina. Yeyote aliyetunga sheria ya "mikoko" bila kuitenga miti hii alitunga sheria ya kitu kisichokuwapo, kwa sababu mchu ukikatwa huchipuka tena katika kisiki, na mkoko hasa ukikatwa shina lake hufa. Mkoko hutegemea mbegu yake, ambayo huota ingali imening'inia mtini, kisha huanguka na kujichomeka katika matope au kuchukuliwa na maji. Ukimaliza miti mizazi mahali fulani, umemaliza na miche ya mahali hapo.

Juu ya majina ya miti yako majina ya vipimo. Mti mwembamba kabisa ni ufito, nao hutumika kufungia kuta za udongo. Baada ya fito huja pau, kisha mazio, kisha boriti, ambayo unene wake huwa kama sentimita 11 hadi 14, kisha nguzo, na zilizo nene zaidi hupewa majina mengine. Boriti ndiyo iliyotawala soko, hata ikaipa biashara nzima jina lake. Yapo maoni kwamba neno hili latokana na Kireno, na mtu aweza kushawishika kudhani hivyo hivyo juu ya pau, kwa kuwa Wareno nao huita ubao na mti kwa sauti iyo hiyo. Lakini pau yetu ina umoja wake, upau, na imekaa katika ngeli yake pamoja na ufito na fito kama mtoto wa nyumbani. Mfanano wa sauti peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Kipimo cha hesabu ni korija, yaani miti 20, na neno hili lajulikana kote katika Bahari ya Hindi, toka Bara Hindi hata kwetu. Kwa hiyo aliposema mtu wa Lamu "korija mia za boriti", nahodha wa Basra alijua bila mkalimani kwamba aahidiwa miti 2,000 ya unene fulani.

Biashara yenyewe ni ya kale mno. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, ametaja kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Ghuba haina miti ya kujengea, nasi tulikuwa nayo tele; kaskazi ililete jahazi na tende na chumvi, kusi ililirudisha na boriti. Mwenye kupita katika nyumba za mawe za Lamu, au katika nyumba kongwe za Kuwait na Bahrain, atagundua kwamba vyumba vyao ni virefu na vyembamba, na upana wao hukaribia kuwa ule ule, si zaidi sana ya meta mbili na nusu au tatu. Sababu ni boriti. Dari haikuweza kupita urefu wa mti uliotoka katika matope ya Afrika ya Mashariki. Huko Ghuba mti huu waitwa chandal.

Je, kabla ya Wajerumani hapakuwa na kanuni? Zilikuwapo, ila hazikuitwa hifadhi. Ushuru wa forodha ulilipwa kwa Sultani wa Zanzibar, na soko lenyewe liliweka mpaka, kwa sababu lilikataa mti uliopinda na lilitoa bei ndogo kwa mti usiofikia kipimo. Mkataji hakuwa na faida ya kukata mazio ikiwa angoje miaka michache aikate boriti. Lakini kanuni ya soko ina kasoro yake. Huchagua mti mzuri na kuacha mbaya. Wataalamu waliopima mikoko ya Kenya katika miaka ya karibuni wamekuta msitu ambao kwa eneo haukupungua sana, lakini umebadilika tabia: iliyosalia ni miti iliyopinda, na mikubwa kupita kiasi ambayo hakuna ainunuaye, imetanda juu na kuizuilia miche jua. Atazamaye kwa mbali husema msitu upo. Mkataji aingiaye ndani na shoka hujua kwamba boriti haipo.

Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani marki milioni 4 kwa ajili ya ukanda wa pwani, na tangu mwanzo wa 1891 bendera yao ilipepea huko rasmi. Ushuru wa boriti ukageuka kuwa wao. Miaka michache baadaye, tarehe 26 Novemba 1895, ilitolewa amri ya kifalme iliyosema kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya Dola. Hapo ndipo msitu wa Rufiji ulipopata mwenyewe mpya bila kuuzwa na mtu yeyote. Mwaka 1898 mikoko ya delta ilitangazwa kuwa hifadhi ya Serikali, miongoni mwa misitu ya kwanza kutangazwa hivyo katika koloni lile zima, na kituo cha misitu kikawekwa Salale, katikati ya mikono ya mto.

Inafaa tutulie hapa, kwa maana kila jambo lililofuata lina mizizi yake Salale. Kwa nini Wajerumani, waliokuwa na milima ya Usambara yenye misitu mikubwa, walianza na matope ya Rufiji? Jibu limo katika hesabu. Mti wa Usambara ulikuwa mbali na bahari, na kuuleta pwani kulihitaji barabara na reli. Boriti ya Rufiji ilikuwa tayari kando ya maji, na mnunuzi alikuja mwenyewe na jahazi lake kila msimu, kama walivyofanya babu zake. Gome nalo likapata soko katika viwanda vya ngozi. Hivyo delta ikawa moja ya vyanzo vikubwa vya mapato ya idara changa ya misitu. Mwenye kusoma tangazo la hifadhi la 1898 kama tendo la kuuokoa msitu lazima asome vilevile kitabu cha mapato. Bwana misitu wa Salale alikuwa mlinzi wa mti, na alikuwa karani wa duka uliokouzwa mti huo. Kadiri alivyouza ndivyo alivyosifiwa na wakubwa wake; kadiri alivyozuia ndivyo alivyotakiwa na taaluma yake. Mtu mmoja alipewa mabwana wawili.

Hata hivyo si haki kusema kwamba hifadhi ilikuwa kisingizio tu. Wajerumani walileta ujuzi wa kugawa msitu katika sehemu na kuukata kwa zamu, wakapima na kuhesabu miti ya delta kwa uangalifu ambao haukuwako kabla yao. Kilichokosekana ni nafasi ya mtu wa delta. Watu wa Rufiji walikuwa wakilima mpunga katika kingo ambazo maji matamu ya mto huzifikia, na kulima huko maana yake ni kufyeka mikoko. Mfanyabiashara wa boriti alipewa kibali. Mkulima wa mpunga aliitwa mharibifu. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika kitabu chake Wielding the Ax cha mwaka 2009, ameonyesha jinsi utawala wa misitu ulivyokuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyotangulia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wengine watabishana juu ya uzito wa sababu hiyo ikilinganishwa na pamba na kodi, na mimi naiweka nyuma ya hizo mbili. Lakini haiwezi kuachwa tena nje ya hesabu.

(Msitu huo huo uliwalipa Wajerumani kwa namna ambayo hawakuitazamia. Manowari Königsberg ilijificha kati ya mikoko ya delta tangu 1914, na haikuangamizwa hata Julai 1915. Mabaki yake yalionekana huko kwa miaka mingi baadaye.)

Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakubadili msingi. Sheria ya misitu ya 1921 ilizipokea hifadhi za Wajerumani kama zilivyokuwa, na biashara ikaendelea kwa kibali na kwa malipo ya kila korija. Upande wa Kenya mambo yalichelewa kidogo: mikoko yote ilitangazwa kuwa msitu wa Serikali kwa tangazo namba 44 la 1932. Baada ya uhuru, tarehe 20 Mei 1964, tangazo jipya liliithibitisha hali hiyo.

Katika zama hizi za katikati twapata shahidi asiyekuwa mtu wa ofisi. Baharia wa Australia Alan Villiers alisafiri 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akaingia nalo Rufiji kupakia boriti, na kitabu chake Sons of Sindbad kikatoka 1940. Ameeleza mbu, joto, matope na taabu ya mabaharia katika kazi ile. Kitabu hicho chasomwa na wengi kwa sababu ya habari zake za bahari. Kwa mwanahistoria wa sheria faida yake ni nyingine, kwamba chaonyesha mahali ambapo kanuni zote huishia, yaani mwilini mwa mtu aliyesimama matopeni hata kiunoni akiinua mti.

Je, biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani? Kwa Lamu tunayo hesabu njema. Kati ya 1941 na 1956, kwa wastani, korija 24,150 zilisafirishwa nje kila mwaka, ambazo ni miti 483,000. Hesabu hii hutajwa mara nyingi kama ushahidi wa uharibifu. Mimi naisoma kwa tahadhari, maana ni hesabu ya forodha: yasema kilichotoka bandarini na kulipiwa, haisemi kilichokatwa na kuachwa, wala kilichotumika nyumbani, wala kilichopita usiku. Lakini yatosha kuonyesha kwamba huu haukuwa uchumi wa pembeni. Kwa watu wa Lamu, na hasa kwa Wabajuni waliokuwa wakataji hodari, boriti ilikuwa kazi, chakula na mahari.

Namna kazi ilivyopangwa yapasa kuelezwa, kwa sababu bila hiyo hatutaelewa athari ya marufuku. Mwenye leseni alikuwa tajiri wa mjini. Yeye ndiye aliyekwenda ofisini, akalipa ada, akaandikiwa idadi ya korija na sehemu ya msitu. Kisha aliwapa wakataji posho ya awali, yaani unga, sukari, majani ya chai na maji ya kunywa, maana msituni hakuna maji matamu. Wakataji waliondoka kwa mashua, wakakaa kambini wiki mbili au zaidi wakifuata bamvua na maji mafu, wakakata, wakabeba miti begani hata mkondoni, wakarudi. Walilipwa kwa korija, na kwanza hukatwa deni la posho. Kibali kiliandikwa jina la tajiri. Shoka lilikuwa mkononi mwa mwingine. Afisa wa misitu alipotaka kujua kama kanuni zimefuatwa, alimwuliza aliyemo katika karatasi, ambaye huenda hakupata kuukanyaga msitu ule maishani mwake.

Wakati huo soko la nje lilikuwa limeanza kufa kwa sababu zisizohusiana na sheria yoyote ya Afrika. Mafuta yaliitajirisha Ghuba, na utajiri ukaleta saruji na chuma. Mjengaji wa Kuwait hakuhitaji tena chumba chenye upana wa boriti. Kwa hiyo ilipofika 1982, Rais wa Kenya alipopiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi, amri ile ilikuta biashara iliyokwisha kudhoofika. Naona jambo hili halikupewa uzito wake. Amri ya 1982 husifiwa kwa kuuokoa msitu na hulaumiwa kwa kuiua Lamu, na pande zote mbili zaipa nguvu kuliko iliyokuwa nayo. Iliyofanya kwa hakika ni kuelekeza shoka kwingine. Miji ya pwani ilikuwa ikikua, Mombasa na Malindi zilihitaji pau na boriti za kujengea, na soko la ndani halikuwa na desturi ya zamani ya kuchagua kama nahodha alivyochagua. Soko la nje lilitaka boriti. Soko la ndani lilipokea hata fito.

Tanzania ilifuata mwaka 1987 kwa kupiga marufuku ukataji wa mikoko, na hapa yatupasa kuisifu hatua iliyofuata. Serikali haikutosheka na marufuku. Iliagiza uchunguzi, na mwaka 1991 ukatolewa mpango wa kutunza mikoko ya Tanzania Bara, ulioandaliwa na Adelaida Semesi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpango ule ulikadiria mikoko ya Bara kuwa hektari 115,500, na karibu nusu yake, yapata hektari 53,000, iko Rufiji. Uligawa misitu katika mafungu manne: iliyo ya kulindwa kabisa, iliyo ya kuvunwa kwa kiasi, iliyoharibika ambayo ipewe muda wa kupona, na maeneo ya kuendelezwa kwa shughuli nyingine, kama vile chumvi. Mradi wa kuutekeleza ulianza 1994 kwa msaada wa Norway.

Ubora wa mgawanyo huu, kwa maoni yangu, ni kwamba ulirudi kwenye hekima ya msamiati wa zamani. Ulikataa kusema "mikoko" kwa jumla. Ulisema mikoko ipi, wapi, na ya kipimo gani. Marufuku ni neno moja. Mpango wahitaji maneno mengi, na kila neno lataka mtu wa kwenda kulihakiki matopeni. Hapo ndipo udhaifu wake ulipokuwa, kwa sababu delta ni pana, mikondo ni mingi, na mashua za walinzi zilikuwa chache.

Kabla wino wa mpango haujakauka, ulijaribiwa. Katika miaka ya 1990 kampuni moja iliomba maelfu ya hektari katika delta ya Rufiji kwa ajili ya mabwawa ya kufugia kamba, mradi ambao ungekuwa miongoni mwa mikubwa ya aina yake duniani. Ahadi zilikuwa za ajira na fedha za kigeni. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lililoundwa kwa sheria ya 1983 ili kuishauri Serikali katika mambo kama haya, lilishauri mradi usikubaliwe. Mwaka 1997 Serikali iliukubali kwa masharti. Wakazi wa delta walikwenda Mahakama Kuu, wanasayansi wakaandika, magazeti yakabishana, na mwisho mabwawa hayakujengwa.

Wenye kuipenda picha ya Serikali dhidi ya biashara watashindwa kuieleza habari hii, kwa sababu Serikali ilikuwa pande zote mbili. Chombo kimoja chake kilisema hapana, kingine kikasema ndiyo, na kila kimoja kilikuwa na sheria mkononi. Twaikumbuka Salale. Bwana misitu wa 1898 mwenye mabwana wawili amekuwa, baada ya miaka mia moja, wizara mbili zenye mihuri tofauti. Watu wa delta nao hawakuwa kundi moja. Mvuvi anayetegemea kamba wa asili, ambao hukulia kati ya mizizi ya mikoko, alikuwa na hofu yake. Kijana asiyekuwa na kazi alikuwa na matumaini yake. Mkulima wa mpunga, ambaye mwenyewe hufyeka mikoko kwa ajili ya shamba, alihofia ardhi. Kuwaita wote "wananchi" ni sawa na kuiita miti yote "mikoko".

Turudi Lamu, ambako mambo yalifikia upeo mwaka 2018. Mwezi Februari mwaka huo Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma, kwa sababu ya ukame na ya mito kupungua maji. Misitu iliyokusudiwa hasa ilikuwa ya milimani, iliyo vyanzo vya mito. Lakini amri haikubagua, ikaikumba na mikoko, ambayo haina mto wa kuulinda bali bahari. Ifahamike kwamba kisheria mikoko ya Lamu, yapata hektari 37,000, ambazo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ilikuwa na mpango wake wa kitaifa wa miaka kumi uliotolewa 2017, mwaka mmoja tu kabla. Mpango uliruhusu kuvuna kwa kipimo. Amri ikakata shauri kwa neno moja. Wakataji walikaa nyumbani.

Katika mwaka huo huo, ng'ambo ya maji, bandari mpya ya Lamu ilikuwa ikijengwa. Mikoko ilikuwa imefyekwa na mkondo kuchimbwa ili meli kubwa zipite. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara waliyoyapata. Sisemi kwamba bandari haikustahili kujengwa. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na mji uliokosa boriti una haki ya kutafuta riziki nyingine. Nasema tu kwamba mkataji wa Lamu aliyekatazwa korija moja aliweza kusimama ufukoni na kuona kwa macho yake mikoko iliyong'olewa kwa ruhusa. Mwaka 2019 katazo lililegezwa kwa mikoko ya Lamu, kwa masharti, baada ya malalamiko mengi. Mtu akiuliza kwa nini sheria ya misitu haiheshimiwi sana pwani, asianze kutafuta jibu katika tabia ya wapwani.

Limebaki jambo moja jipya, ambalo mwenye kuandika habari hizi miaka hamsini baadaye huenda akalipa nafasi kubwa kuliko niwezavyo mimi. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, wanakijiji walianzisha mwaka 2013 mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaotunza hektari 117 za mikoko na kuuza nje hesabu ya hewa ya ukaa ambayo miti na matope yake huihifadhi. Fedha hutumika kwa maji, shule na mambo mengine ya kijiji. Twaweza kusema kwamba nahodha wa kigeni amerudi, ila safari hii anunua mti uliosimama, na hachukui kitu chochote jahazini.

Lugha ya biashara hii mpya bado haijatulia. Yasemwa "hewa ukaa", "hewa ya ukaa", "kaboni". Husemwa "kuuza hewa", na wazee wa kijiji hucheka kidogo wasikiapo hivyo. Kipimo chake ni tani, ambayo hakuna mkataji awezaye kuihesabu kwa macho kama alivyohesabu korija, na kila tani hupitia kwa mhakiki aliye ng'ambo kabla ya kulipwa. Wenye leseni sasa ni kamati ya kijiji, na jina la kijiji limo katika karatasi. Karatasi hiyo, hata hivyo, imeandikwa kwa Kiingereza.